Juma na Djuma: majina ya wanaume wa Fizi na jinsi yanavyoandikwa

Juma wa Kigoma na Djuma wa Baraka wana jina moja. Asili yake ni Kiarabu, limepitia Kiswahili, na pande zote mbili za Ziwa Tanganyika hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa. Wanatofautiana kwa herufi moja tu. Mashariki mwa ziwa shule zilikuwa za Wajerumani, kisha za Waingereza, na huko j peke yake ilitosha. Magharibi shule ilikuwa ya Wabelgiji, na kwa Kifaransa j husomwa kwa kuteleza, karibu na sh yenye mvumo. Karani aliyetaka j ya Kiswahili alilazimika kuitanguliza d. Ndivyo Rajabu alivyokuwa Radjabu, na ndivyo majina ya Kibembe yasiyo na uhusiano wowote na Uarabu yalivyovishwa vazi hilohilo: Wilondja, kwa mfano, au Ngandja, ambalo ni jina la sekta mojawapo ya Fizi.

Teritori ya Fizi, katika jimbo la Kivu Kusini, huanzia ufukoni na kupanda hadi kwenye milima mirefu. Baraka iko chini, kando ya maji. Bibokoboko iko juu, upande wa Mutambala. Huko milimani Babembe, Banyamulenge, Bafuliiru na Banyindu wamekuwa majirani kwa muda mrefu, na kila jamii ina namna yake ya kumwita mtoto. Juu ya majina hayo ya asili yamewekwa mengine: ya Kiislamu yaliyovuka ziwa pamoja na misafara ya Ujiji katika karne ya 19, ya Biblia yaliyoletwa na wamisionari, na ya Kiswahili cha kila siku. Mtu mmoja anaweza kubeba matatu kati ya hayo kwa pamoja, na asione ajabu yoyote.

Majina mengi ya kiume hueleza wakati au zamu ya kuzaliwa. Hamisi ni wa Alhamisi. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni wa miezi hiyo ya Kiislamu. Katika Kirundi na Kinyarwanda, lugha ndugu za Kinyamulenge, Nyandwi ni mtoto wa saba na Minani ni wa nane. Mapacha wa Kirundi huitwa Bukuru na Butoyi, mkubwa na mdogo. Wanyarwanda huwaita Gakuru na Gato. Kwa Warundi, anayewafuata huitwa Ciza.

Desturi hii ya kuhesabu wana imesitawi pia mbali sana na hapa. Wajapani wa zamani walimwita mwana wa kwanza Ichiro, wa pili Jiro, wa tatu Saburo, wa nne Shiro, wa tano Goro. Alama ya mwisho ya majina hayo, 郎, inayosomwa ro, ni alama ya kijana wa kiume, na mbele yake huwekwa namba: 一郎 ni Ichiro, 三郎 ni Saburo. Siku hizi Wajapani hawashiki tena hesabu hiyo kwa ukali. Ichiro Suzuki, mchezaji wa besiboli anayejulikana dunia nzima, alikuwa mwana wa pili, na ro ya jina lake huandikwa kwa alama nyingine yenye maana ya uangavu.

Pwani ya Fizi yenyewe iliwahi kushuhudia wanaume wazima wakipewa majina ya namba. Tarehe 24 Aprili 1965 kikundi cha kwanza cha wapiganaji kutoka Cuba kilivuka ziwa kutoka Kigoma hadi Kibamba kuwasaidia waasi wa Kongo. Ili wasitambulike, walitwaa hesabu za Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na kiongozi wao, Ernesto Che Guevara, akajificha katika nafasi ya tatu na kuitwa Tatu. Mjapani angemwita Saburo.

Zipo pia sehemu za jina zinazotangaza kwamba mwenyewe ni mwanamume. Katika Kinyarwanda na lugha zinazosikilizana nacho, Se- ni baba, na Nyira- ni mama. Kutokana na neno mahoro, yaani amani, Semahoro ni mwanamume na Nyiramahoro ni mwanamke. Muka- nayo, kama katika Mukamana, ni ya wanawake. Ru- hukuza jambo, na majina mengi ya kiume yanayoanza nayo yana sauti ya ushujaa. Ga- hupunguza, kwa upendo zaidi kuliko kwa dharau. Kwa Babembe, jina Mwenebatu halihitaji mkalimani: sikio la Mswahili yeyote husikia mwenye watu. Wajapani huweka alama ya uanaume mwishoni mwa jina: -o, -hiko, -suke, -ta. Watawala wao wa karibuni, Hirohito, Akihito na Naruhito, wote wana -hito, ambayo ni ada ya wanaume wa ukoo wa kifalme.

Majina ya Kiswahili cha Kongo hayana alama ya namna hiyo. Bahati anaweza kuwa kaka au dada. Safari, Mateso na Masumbuko hueleza hali iliyokuwapo nyumbani mtoto alipofika, na Kivu imekuwa na miaka mingi ya kuzaa akina Masumbuko. Majina ya sala ni mengi vilevile, hasa katika Kinyarwanda na Kirundi: Habimana, Mungu yupo, Bizimana, ajuaye ni Mungu, Hakizimana, aokoaye ni Mungu. Hayo ni sentensi kamili zilizofungwa katika neno moja, na ndiyo sababu ya urefu wake. Karani asiyejua lugha hukata mahali pasipokatika, akaliharibu jina zima.

Kuandika ndiko kwenye mambo mengi, kwa kuwa jina hupewa kwa lugha moja na kuandikwa kwa taratibu za lugha nyingine. Hamisi akifika Baraka hupoteza h, kwa sababu Kifaransa huiandika bila kuitamka na Kiswahili cha huko mara nyingi huiacha. Anakuwa Amisi. Hassani anakuwa Assani, na zile s mbili zina kazi yake, kwani s moja katikati ya irabu Kifaransa huisoma z. Dh ya pwani hugeuka z: Ramadhani ni Ramazani. Irabu u ilisalimika. Wabelgiji waliiandika u tupu, ndiyo maana Kongo ina Lumumba na Mobutu, ilhali ng'ambo ya mto, Brazzaville, Wafaransa waliandika ou, kama katika jina la Sassou.

Ciza ni mfano mzuri kuliko yote. Mrundi huandika Ciza, Mnyarwanda Cyiza, Mtanzania Chiza, kama alivyoandikwa Christopher Chiza, mwanasiasa wa mkoa wa Kigoma aliyekuwa waziri wa kilimo. Mkongomani anayefuata shule ya Kifaransa anaweza kutanguliza t na kuandika Tshiza. Sauti ni karibu ileile, lakini kwenye orodha iliyopangwa kwa alfabeti jina moja limegawanyika, na anayelitafuta kwenye C hatalipata kwenye T.

Kisha kuna alama ndogo ya juu. Majina ya Kibembe kama M'munga huandikwa na alama hiyo baada ya m ya kwanza, kuonyesha kwamba m inasimama peke yake kama silabi. Vitabu vingi kuhusu vita vya 1965 humwandika hata yule Mbili wa Cuba M'bili. Mtu akipanda kaskazini hadi Bukavu, kwa Bashi, atakuta alama ileile ikifanya kazi nyingine kabisa: M' mbele ya jina la baba humtambulisha binti yake. Kompyuta hazijui lolote kati ya hayo. Nyingine huifuta alama, nyingine huacha nafasi, na M'munga hutoka kwenye mashine akiwa Mmunga au M Munga.

Hapo ndipo Japani inapofaa kuangaliwa tena, maana tatizo lake limekaa kinyume. Mjapani huandika jina lake kwa alama za asili ya Kichina, na kila alama ina maana na huweza kuwa na matamshi kadhaa. Jina Akira linaweza kuandikwa 明, 昭, 晃 au kwa alama nyingine nyingi, zote zikibeba maana ya mwanga au uwazi. Anayelisikia hajui limeandikwaje mpaka aelezwe. Anayeliona mara nyingi hana hakika ya kulitamka, na fomu za Japani huwa na nafasi ya kuandika matamshi juu ya jina. Wazazi hawachagui alama yoyote watakayo, kwani serikali ina orodha ya zinazoruhusiwa. Hata hivyo daftari la familia, lililoanzishwa nchi nzima mwaka 1872, lilitunza alama bila matamshi kwa zaidi ya miaka 150. Sheria ya kuingiza matamshi ilianza kutumika tarehe 26 Mei 2025. Japani maandishi yalikuwa imara na sauti ikayumba. Fizi sauti ni imara, tangu kwa babu hadi kwa mjukuu, na maandishi ndiyo yanayoyumba.

Mkono wa serikali umegusa majina ya Kongo kwa nguvu zaidi. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi iliitwa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 raia wakaamriwa kuacha majina ya ubatizo ya kizungu. Joseph-Désiré Mobutu akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Pengo la jina la ubatizo lilijazwa na jina la pili la asili. Anzuluni Bembe Isilonyonyi, mwana wa Fizi aliyeongoza Bunge la Zaire katika miaka ya mwisho ya Mobutu, alijulikana kwa mpangilio huo. Baada ya mwaka 1990 majina ya Kikristo yalirudi hadharani, lakini jina la pili halikuondoka. Azarias Ruberwa Manywa, aliyezaliwa Rugezi, katika nyanda za juu za Fizi, na kuwa makamu wa rais kuanzia 2003 hadi 2006, ana vipande vyote vitatu: Azarias la Biblia kwa tahajia ya Kifaransa, na mawili ya asili.

Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inataka majina yatoke katika urithi wa utamaduni wa nchi, na inakataza jina lenye matusi, la kudhalilisha au la uchokozi. Japani nayo ilikutana na jambo hilo mwaka 1993, baba mmoja katika mji wa Akishima alipotaka kumwandikisha mwanawe kwa jina Akuma, yaani shetani. Ofisi ilikataa, na nchi nzima ikajadili.

Nchi hizo mbili zinaachana kwenye jina la ukoo. Japani imemlazimisha kila raia kuwa nalo tangu 1875. Fizi mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu watano wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana. Utaratibu huo haujawahi kumtatiza mtu kijijini. Ugumu huanza safarini. Vita vimewahamisha wengi wa Fizi: kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia Kivu Kusini, na mashambulizi ya Oktoba 2021 yaliwatoa watu Bibokoboko, wengi wakashukia Baraka. Kila kituo kina karani wake na masikio yake. Djuma anaandikwa Juma kambini. Karatasi za Kongo huweka jina la ubatizo mwishoni, na Wajapani pia hutanguliza ukoo. Mgeni wa Ulaya au Marekani husoma kwa kugeuza, akalifanya jina la ubatizo kuwa la ukoo. Kisha ndugu wa tumbo moja hutakiwa kuthibitisha undugu wao kwa sababu karatasi zao hazina jina la pamoja. Ni uzito mkubwa kumtwika mtu aliyekwisha kupoteza nyumba.

Dawa ya sehemu kubwa ya taabu hiyo iko kwenye karatasi ya kwanza. Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inataka kila mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na maandishi ya siku hiyo ndiyo msingi wa yale yatakayofuata, kuanzia cheti cha shule hadi kadi ya uchaguzi ambayo Wakongomani wengi huitumia kama kitambulisho. Mzazi anayekwenda kuandikisha mtoto na aende na jina likiwa limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, pamoja na alama yake ya juu kama linayo, na alisome tena kwenye daftari kabla karani hajagonga muhuri.