Amepona kwa Kipimo Gani?



Katika matawi yetu limezuka swali ambalo yatupasa kulieleza. Mwenzetu akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au akiamini kwamba watu wote wanamwinda, hupelekwa hospitali. Madaktari huuita ugonjwa huo saikosisi. Akitibiwa na kurudi kazini, nyapara humtazama dakika mbili na kusema, "Huyu bado." Nyapara mwingine husema, "Huyu mzima, apangwe zamu ya usiku." Je, kupona hupimwa kwa macho ya nyapara?

Hapana. Kupona kuna vipimo vyake, na yafaa tuvijue.

Kipimo cha kwanza ni cha dalili. Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walitoa kipimo kiitwacho PANSS, kinachotumika hata leo katika nchi nyingi. Mpimaji aliyefundishwa huzungumza na mgonjwa, kisha hukadiria mambo 30: kusikia sauti, kushuku watu, kujitenga, wasiwasi na mengineyo. Kila jambo hupewa alama kuanzia 1 mpaka 7. Kwa hiyo mtu asiye na dalili hata moja hapati sifuri, anapata 30.

Hapa wachuma chai watatuelewa upesi, maana kikapu kina uzito wake kabla ya kutiwa majani. Mgonjwa akitoka alama 90 akafika 60, asiyekijua kipimo atasema dalili zimepungua theluthi moja. Lakini ondoa 30 za kikapu: alikuwa na 60, sasa ana 30. Zimepungua nusu nzima.

Na tutajuaje kwamba ni tiba iliyosaidia, iwe ya dawa au ya mazungumzo? Mtu mmoja hatoshi, kwani wengine hupata nafuu wenyewe. Wagonjwa hugawanywa kwa kura katika makundi mawili, moja hupewa tiba inayochunguzwa na jingine huendelea na huduma ya kawaida. Mpimaji haambiwi nani yuko kundi gani, ili asipendelee.

Kipimo cha pili ni cha mgonjwa mwenyewe. Mtu anaweza kubaki na sauti kidogo na bado akalea watoto wake vizuri. Mwingine sauti zimenyamaza, lakini dawa imemfanya mzito, analala mchana kutwa na hana rafiki. Kwa sababu hiyo, mwaka 2009 watafiti wa Uingereza, wakishirikiana na watu waliowahi kuugua, walitoa orodha ya maswali iitwayo QPR. Anayeijaza ni mgonjwa. Huulizwa juu ya matumaini, kujithamini, kuishi na watu na kuyaongoza maisha yake.

Kipimo cha tatu ni kazi. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu 312 katika miji sita ya Ulaya, ikiwemo London, Zurich na Sofia. Kundi moja lilisaidiwa kutafuta kazi ya kawaida yenye mshahara bila kungoja mafunzo marefu, na msaidizi aliendelea kuwa nao hata baada ya kuajiriwa. Kundi la pili lilifundishwa kwanza. Katika miezi 18, watu 55 kwa kila 100 wa kundi la kwanza walifanya kazi angalau siku moja. Kundi la pili walikuwa 28. Tena waliorudishwa hospitali walikuwa 20 kwa kila 100 katika kundi la kwanza, na 31 katika la pili.

Sisi wa chama tunasema siku moja ni kipimo kidogo. Tunauliza pia: alidumu muda gani, na alilipwa sawa na wenzake?

Basi, mwakilishi wa tawi, mwenzetu anaporudi usikubali neno la nyapara liwe hukumu. Dai cheti cha daktari. Muulize mwenyewe anajisikiaje na kazi gani anaiweza, lakini siri za ugonjwa wake usizichimbe. Hakikisha siku zake za kliniki hazikatwi mshahara, wala hapangwi zamu za usiku mfululizo, kwa kuwa kukosa usingizi kunaweza kumrudisha kitandani. Baada ya miezi mitatu, kaeni tena naye na daktari, mpime upya. Mizani hii isishikwe na mwajiri peke yake.