Mbaazi za mama zilizokataa kutoa maua Maskati

Mwaka juzi mama alirudi kutoka Unguja na kifuko cha mbegu za mbaazi alizopewa na khala, miezi michache kabla khala hajatutoka. Hazikujaa hata kiganja. Tulizipanda Machi nyuma ya nyumba, hapa Seeb, ikashika miche sita.

Ilikua vizuri mno. Mwezi wa nane imeshaupita ukuta, majani tele, ua hata moja hakuna. Baba watoto akasema tuikate, tupate pa kuegesha gari. Mama alinuna siku mbili, hasemi na mtu.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu anayesoma kilimo. Akacheka. "Shangazi, hizo zinangoja usiku uwe mrefu tu."

Kumbe mbaazi za kienyeji hupima usiku, na saa yao imo ndani ya majani. Mna protini inayohisi mwanga. Usiku ukirefuka vya kutosha, jeni za ukoo uitwao FT huamka na kutengeneza protini nyingine, nayo husafiri kutoka jani hadi ncha ya tawi kuamrisha maua yaanze. Mtaalamu wa Kisovieti, Mikhail Chailakhyan, aliipa ishara hiyo jina la florijeni mwaka 1937, lakini ni mwaka 2007 ndipo watafiti walipoonyesha kuwa ni protini hiyo hasa. Miaka 70!

Unguja siku ndefu na siku fupi hazipishani hata saa nzima. Hapa Maskati mchana wa Juni unapita saa 13 na nusu, wa Disemba ni kama saa 10 na nusu. Basi mbegu za khala zilikuwa zikihesabu tu, na sisi tushashika panga.

Novemba miti mitano ikatoa maua ya manjano. Wa sita, ulio chini ya taa ya geti, majani matupu. Mama ndiye aliyeshtuka, alipotoka alfajiri. "Huu haulali," akasema. Mpwa wangu akakubali: mwanga wa usiku huivuruga hesabu. Tukaizima taa, baba watoto akilalamika habari ya wezi, na mwisho wa Disemba nao ukachanua.

Ziko mbaazi za muda mfupi, zilizozalishwa na wataalamu wa ICRISAT kule Hyderabad, zisizojali sana urefu wa siku; huvunwa kwa miezi minne hivi. Nilitaka kuziagiza. Mama akauliza, nyuki je? Na kweli, nyuki huzichanganya mbaazi zilizo jirani, mbegu za khala zisingebaki zilivyo. Nikanyamaza.

Tulichuma bakuli moja tu la mbichi, tukazipika kwa tui, tukala na mahamri. Zilizobaki mama alikataa zisiguswe mpaka zikaukie mtini. Zimejaa chupa mbili, ziko juu ya friji, na moja ameshaiandika jina la dada yake.