Mlali: Mlima ndio unaoamua kama mteja anunue dishi au antena

Biashara ya ving'amuzi, madishi na redio katika Mlali, wilayani Mvomero, ina jambo moja ambalo mwenye duka wa Kariakoo halimsumbui. King'amuzi kinachoonyesha picha safi kikijaribiwa dukani kinaweza kukosa picha kabisa kikifika nyumbani kwa mteja, kilomita chache tu kutoka hapo. Mteja hurudi akidai ameuziwa kitu kibovu. Mara nyingi kitu ni kizima. Kilichoharibu biashara ni mlima.

Mlali hii ni ya Morogoro, si ile ya Kongwa. Ipo chini ya Milima ya Uluguru upande wa magharibi, kwenye barabara inayochepuka kutoka barabara kuu ya Iringa pale Sangasanga kwenda Mgeta. Vilele vya Uluguru vinapita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Nyanya za bondeni na mboga za Mgeta ndizo zinazoleta fedha, na fedha hiyo haiji kila mwezi. Ikija, mkulima hununua bati, pikipiki, televisheni. Mwenye duka hana budi kuwa na mzigo unaofaa wakati huo huo, maana akikosea atasubiri mavuno mengine.

Hasara ya kukosea ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Chukulia king'amuzi kilichonunuliwa kwa sh. 50,000 na kuuzwa kwa sh. 60,000. Kimoja kikirudishwa na kisiuzike tena, faida ya vitano imekwisha. Mwenye mtaji wa ving'amuzi 12 akirudishiwa viwili, amefanya kazi bure msimu mzima.

Mawimbi hayafanani

Wazee wa milimani wanakumbuka redio iliyokamata Dar es Salaam bila shida, na huuliza kwa nini vifaa vya leo vinashindwa. Jibu lipo katika urefu wa wimbi.

Utangazaji ulipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, na baadaye chini ya Radio Tanzania, kazi kubwa ilifanywa na mawimbi ya kati na mawimbi mafupi. Wimbi la kati lina urefu wa mamia ya mita. Hufuata ardhi na hujipinda kupita vilima. Wimbi fupi hupanda angani, likagonga tabaka la juu la hewa na kurudi chini mbali sana. Ndiyo maana mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliweza kuendeshwa kwa redio nchi nzima, vikundi vya vijijini vikikusanyika kusikiliza. Redio ya betri yenye mawimbi hayo ilikuwa bidhaa isiyo na mashaka: iliuzika bondeni na iliuzika mlimani.

Hali ilibadilika miaka ya 1990. Baada ya sheria ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa watu binafsi, Radio One na televisheni ya ITV zilianza mwaka 1994, na polepole wasikilizaji wakahamia FM. Wimbi la FM lina urefu wa mita tatu hivi. Wimbi la televisheni ya antena linapata nusu mita tu, pengine pungufu. Mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa tochi. Mlima ukisimama katikati, nyuma yake kunakuwa na kivuli. Katika ardhi tambarare, mlingoti wa mita 100 na antena ya nyumbani ya mita 5 huonana hadi kilomita 50 hivi. Kwenye Uluguru hesabu hiyo inaweza kukatizwa na tuta moja.

Chenga zimekwisha, na onyo limekwisha

Wakati wa analojia, mteja wa kivulini aliona picha yenye chenga na akaridhika nayo. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012 jijini Dar es Salaam, kisha mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Dijitali haina picha ya nusu nusu. Mawimbi yakitosha, picha ni safi. Yakipungua kidogo, picha inaganda. Yakipungua zaidi, kioo kinakuwa cheusi. Kwa mfanyabiashara maana yake ni kwamba mteja wa kivulini ambaye zamani angenunua antena na kuvumilia, leo atairudisha.

Busta haiponyi kivuli. Inakuza mawimbi pamoja na makelele yake, hivyo pasipo mawimbi inakuza makelele matupu. Inafaa pale ambapo mawimbi yapo ila waya ni mrefu. Waya wa kawaida wa antena wenye mita 20 unaweza kumeza zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye king'amuzi. Kufupisha waya au kununua ulio bora mara nyingi ni nafuu kuliko busta.

Dishi linatazama machweo

Kwa mteja wa kivulini dawa ni dishi, na hapa Mlali imepata bahati. Satelaiti zinazohudumia soko hili zipo juu ya ikweta, umbali wa kilomita 35,800 hivi. Azam TV, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 2013, hupokewa kutoka nyuzi 7 mashariki. Kwa aliyesimama Mlali, hiyo ni magharibi ikielekea kidogo kaskazini, nyuzi 53 kutoka chini. DStv, iliyoko nyuzi 36 mashariki, ni karibu utosini kabisa, nyuzi 82. Mlima uko mashariki. Dishi la kwanza linaupa mlima mgongo na la pili linatazama juu. Nyumba iliyokosa kabisa mawimbi ya antena inaweza kupata picha safi kwa dishi, mradi hakuna mwembe mbele yake. Fundi anayejua pembe hizi humaliza kazi mapema, na mteja wake humleta jirani.

Adui wa dishi ni mvua. Wimbi la satelaiti hizi lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone mazito hulimeza. Dishi la sentimita 90 hukusanya mawimbi mara mbili na robo ya dishi la sentimita 60. Wakati wa kiangazi tofauti haionekani. Masika yakianza inaonekana, hasa kwa wateja wa juu kuelekea Mgeta. Muuzaji asiyetaka malalamiko ya Aprili aeleze hilo wakati wa kuuza.

Hatari nyingine haitoki mbinguni. Mwaka 2018 usimamizi wa masharti ya leseni ulifanya chaneli za ndani zisizolipiwa ziondolewe katika baadhi ya ving'amuzi vya dishi. Wauzaji waliokuwa na mzigo wa aina moja waliona jinsi uamuzi wa mezani unavyoweza kugeuza soko. Kuchanganya mzigo ni kinga.

Mpira ndio unaouza

Mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu, uliotiwa saini mwaka 2021 kati ya TFF na Azam kwa sh. bilioni 225.6, umeufanya mchezo wa Simba na Yanga kuwa msukumo wa biashara hadi vijijini. Vibanda umiza hutegemea siku hizo. Anayetaka kufungua kibanda akumbuke mambo mawili. Kwanza, kifurushi cha nyumbani si ruhusa ya kutoza kiingilio. Aulize masharti kabla. Pili, umeme ukikatika dakika ya 80 wateja watadai fedha yao. Betri inayokidhi televisheni na king'amuzi kwa saa tatu ni sehemu ya mtaji wa kuanzia, si nyongeza.

Kwa mwenye ndoto ya redio

Wapo wanaofikiria hatua kubwa zaidi, kituo kidogo cha FM. Kosa la kawaida ni kununua wati nyingi na kubana fedha ya mlingoti. Kuongeza nguvu ya mtambo kutoka wati 500 hadi 1,000 huongeza eneo la usikivu kidogo tu, wala hakutoboi mlima. Kupandisha mlingoti mara mbili, katika eneo la wazi, kunaweza kulingana na kuongeza nguvu mara nne.

Gharama nazo hazifanani. Mlingoti hulipiwa mara moja, kisha rangi na ukaguzi. Mtambo wa wati 1,000 unaovuta kilowati moja na nusu hula uniti 36 kwa siku, yaani uniti 1,080 kwa mwezi, matangazo ya biashara yawepo au yasiwepo. Wa wati 500 wa aina hiyo hula nusu yake. Kwa soko la wakulima ambako matangazo hufuata misimu, uniti hizo 540 zinaweza kuwa tofauti kati ya kituo kinachoishi na kinachofungwa.

Leseni na masafa hutolewa na TCRA, kwa ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Mtambo usinunuliwe kabla ya kupangiwa masafa, maana antena hutengenezwa kufuata masafa yake, na vifaa visivyoidhinishwa vinaweza kuzuiwa.

Kwa mwenye duka wa Mlali hesabu ni rahisi zaidi. Kabla ya kuagiza shehena, achukue king'amuzi kimoja cha antena, televisheni ndogo na betri, apite vitongoji vyote anavyouzia na aandike wapi picha inapatikana na wapi inakosekana. Ni kazi ya siku mbili na nauli ya bodaboda. Daftari hilo litamwambia katika kila bidhaa kumi ngapi ziwe antena na ngapi ziwe dishi, na mteja akiingia dukani swali la kwanza litakuwa anaishi wapi, kabla ya kuulizwa ana shilingi ngapi.