Kiingereza cha Mazungumzo kwa Msemaji wa Kiswahili wa Mongbwalu

Katika mji wa Mongbwalu, ulioko kilomita 80 hivi kaskazini-magharibi ya Bunia, Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi, nacho Kiswahili ni lugha ya soko na machimbo. Kiingereza huja kwa njia ya biashara: dhahabu nyingi ya Ituri huvuka mpaka kwenda Kampala, na aifuataye hana budi kuzungumza.

Aghalabu msemaji huyo hulaumiwa kuwa hajui sarufi. Lawama hiyo ni nusu ya kweli. Makosa yake mengi yana sarufi kamili, ila ni sarufi ya lugha nyingine. Kiswahili husema "nina miaka ishirini". Kifaransa nacho husema "j'ai vingt ans". Si ajabu basi kusikia "I have twenty years" badala ya "I am twenty". Pale lugha mbili azijuazo mtu zinapokubaliana, kosa hutia mizizi. Vivyo hivyo kuhusu "his" na "her": kimilikishi -ake hakibagui jinsia, na Kifaransa huangalia jinsia ya kitu kinachomilikiwa, si ya mwenyewe, ndipo Maria hupewa "his brother".

Hayo hayadhuru sana. Msikilizaji huelewa, pengine hutabasamu. Kosa linalogharimu limo katika swali la kukanusha. Mnunuzi mgeni auliza, "You haven't been paid?" Mchimbaji ambaye hajapata hata senti hujibu "Yes", kwa kuwa katika Kiswahili "Hujalipwa?" hujibiwa "Ndiyo", yaani ulivyosema ndivyo. Mwingereza husikia kinyume: amelipwa! Kiswahili huitikia usemi wa muulizaji. Kiingereza cha Uingereza huitikia hali yenyewe ya jambo. Kifaransa kingeweza kumwokoa, kwani nacho husema "non" hapo, lakini katika pilikapilika za soko kinachotangulia ulimini ni Kiswahili. Huko Kampala mambo huchanganyika zaidi, maana wengi hujibu kama yeye. Jibu lisilo na utata kokote ni "No, I haven't". Nalo, kwa bahati njema, ndilo la kawaida katika mazungumzo. Kurudia kitenzi kizima, kama Kiswahili kifanyavyo kwa "sijalipwa", husikika kizito.

Kuhusu adabu, "unipatie maji" ni ombi la upole, kwa kuwa hali tegemezi hupunguza ukali wa amri. "You give me water" huudhi. Upole wa Kiingereza umo katika "could", umbo la wakati uliopita lisilosimulia lolote lililopita.

Limebaki neno "pole". Msemaji wa Mongbwalu humwambia aliyejikwaa "Sorry", na mtu wa London hushangaa, kwani hakukwazwa naye. Lakini Kampala husema hivyo kila siku, na wanafunzi wengi wa Mongbwalu watafika Kampala kabla ya London. Mwalimu asiharakishe kulifuta.