Tetemeko la Ardhi: Tulijue na Tujihadhari



Ndugu mwanafunzi, Suratu Zilzala yenye aya nane tumeihifadhi tangu utotoni. Inatukumbusha tetemeko la Siku ya Kiyama. Leo tuzungumzie matetemeko ya hapa duniani, kwani sisi wa Mbeya na Iringa tunaishi kwenye njia yake.

Ardhi tunayoikanyaga imegawanyika vipande vikubwa mno. Afrika Mashariki vipande viwili vinaachana polepole, milimita chache kwa mwaka, na hapo ndipo lilipo Bonde la Ufa. Mbeya ni njia panda: hukutana bonde la Rukwa, bonde la Ziwa Nyasa na bonde la Usangu linaloelekea upande wa Iringa. Miamba hubanana miaka mingi, kisha huteleza ghafla, nasi tukatikisika. Tarehe 13 Desemba 1910 upande wa Rukwa lilitokea tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika katika karne ile.

Desemba 2009 zamu ilikuwa ya Karonga, Malawi, ng'ambo ya mpaka wa Kyela. Usiku wa kuamkia tarehe 20 lilikuja la ukubwa wa 6.0. Nilikuwa kijana, nimelala kwetu Kyela. Ulianza mvumo kama wa lori zito, mabati yakalia, vyombo vikagongana. Sote tukakimbilia mlango mmoja. Nyumba ilibaki imesimama, lakini mdogo wangu alikanyagwa mlangoni akavunjika mkono.

Maafa ya Bukoba yalikuwa makubwa zaidi. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 na kuharibu maelfu ya nyumba. Shule ya Sekondari Ihungo ilibomoka vibaya. Wengi waliangukiwa na kuta.

Wataalamu hawawezi kutabiri siku wala saa. Basi tuzingatie haya:

Kwanza, ukiwa ndani, usikimbilie mlango wenye msongamano. Ingia chini ya meza imara, kinga kichwa, shikilia mpaka litulie. Ikiwa nyumba ni ya tofali za udongo na mlango uko karibu na wazi, toka upesi uende uwanjani.

Pili, ukiwa nje, jitenge na kuta, nguzo za umeme na mnara wa msikiti.

Tatu, likitulia, zimeni jiko la mkaa na koroboi. Msirudi kwenye nyumba yenye nyufa, kwani madogo hufuata.

Nne, ukiwa ndani ya swala na hatari ikadhihiri, inaruhusiwa kuikatisha ili kuokoa nafsi, kisha utaiswali tena. Mafakihi wamelieleza hilo.

Wako wanaosema waliokufa Bukoba waliadhibiwa kwa dhambi zao. Tusiseme hivyo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu anayekufa kwa kuangukiwa na jengo ni miongoni mwa mashahidi. Siri za waja anazijua Mola wao. Letu ni kuomba dua, kusaidia waliofikwa, na kujihadhari, kwani kutawakali hakuondoi tahadhari.

Leo jioni, ewe mwanafunzi, waoneshe wazazi na wadogo zako meza mtakayojificha chini yake na uwanja mtakaokutania.

Wabillahi tawfiq.