NISHANI ILIYOKAWIA MIAKA TISINI NA SABA

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wakilisikia neno hili hudhani ni la wenye maduka tu, wapimao kitambaa na kuhesabu senti. Mwezi huu twapenda kuwaonyesha wasomaji wetu kwamba lafika mbali kuliko duka. Kuna mambo ambayo mtu huyalipia kwa damu yake mwenyewe, makovu yakawa wazi mwilini mwake na kila mtu akayaona, na juu ya hayo serikali ikawa kama haina habari nayo, kwa kuwa hayakuandikwa. Ndivyo ilivyompata askari mmoja wa Marekani, jina lake Henry Johnson.

Johnson alizaliwa katika jimbo la North Carolina, akahamia mji wa Albany katika jimbo la New York angali kijana. Huko alifanya kazi nyingi za mikono, na mwisho akawa mpagazi wa stesheni ya gari la moshi, akichukua mizigo ya wasafiri. Mwezi wa Juni 1917 akajiandikisha katika kikosi cha watu weusi wa New York, ambacho baadaye kilipewa namba 369. Siku zile jeshi la Marekani liliwatenga askari weusi na weupe, na weusi wengi walipelekwa kupakua meli na kuchimba mitaro. Kikosi hiki nacho kilianza kwa kazi za namna hiyo kilipofika Ufaransa. Kisha kikatiwa chini ya amri ya jeshi la Wafaransa, nao wakawapa watu wake bunduki na kofia za chuma, wakawapeleka penye vita.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, Johnson na mwenzake Needham Roberts walikuwa zamu karibu na msitu wa Argonne. Kundi la Wajerumani, wasiopungua 12, likawajia gizani. Roberts akaumizwa vibaya, na adui wakamshika ili wamchukue mateka. Johnson alikwisha jeruhiwa naye, lakini hakurudi nyuma. Alitupa mabomu ya mkono, akapiga bunduki, kisha akaishika bunduki kama rungu na kupiga kwa kitako. Hata mwisho akachomoa kisu kizito, mfano wa panga fupi, akawarukia wale waliomshika mwenzake, akamwokoa. Adui wakakimbia. Kulipokucha, Johnson alikuwa na majeraha 21.

Jambo hili halikuwa siri. Wafaransa walimpa nishani yao ya vita, iitwayo Croix de Guerre, pamoja na tawi la dhahabu. Jenerali Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ufaransa, aliutaja ushujaa wa watu hawa wawili katika taarifa yake. Magazeti yaliandika. Tarehe 17 Februari 1919, kikosi kiliporudi na kupita kwa shangwe katika barabara kubwa ya New York, Johnson alikuwa amepandishwa katika motokaa iliyo wazi, watu wakimshangilia. Hata serikali ilitumia jina lake kuuza stempu za akiba ya vita.

Basi mtu aliyetajwa na jemadari na kushangiliwa na mji mzima, angewezaje kukosa haki yake? Aliikosa katika karatasi. Askari aachishwapo kazi hupewa hati yenye habari za utumishi wake: alianza lini, aliishia lini, alipigana wapi, alijeruhiwa au hakujeruhiwa, alipata nishani gani. Hati za Johnson hazikutaja majeraha yake. Majeraha 21, wala hapakuandikwa hata moja.

Yafaa wasomaji waelewe uzito wa kosa hilo. Karani wa ofisi ya malipo hakuwako Argonne. Hakuiona damu, wala hamjui mtu aliye mbele yake. Ajualo ni lile lililoandikwa katika hati, na hati ikinyamaza, yeye naye hana la kusema. Kazi ya upagazi Johnson hakuiweza tena kwa ajili ya majeraha yake. Habari zilizoandikwa na jeshi lenyewe siku za baadaye zasema kwamba kwa sababu ya upungufu wa hati zile alinyimwa malipo ya walioumia vitani. Hati nyingine za ofisi ya askari wa zamani zaonyesha kuwa katika mwaka wa 1927 alihesabiwa kuwa mtu asiyeweza kazi kabisa, lakini sababu iliyoandikwa ilikuwa kifua kikuu, si mapigano ya usiku ule. Alikufa mwezi wa Julai 1929, hali ni maskini. Kwa miaka mingi watu wa Albany walidhani amezikwa huko katika kaburi la mafukara. Ni katika mwaka wa 2002 ilipothibitishwa kwamba alizikwa kwa heshima katika makaburi ya taifa ya Arlington. Hata kaburi lake lilikuwa limepotea machoni pa watu.

Miaka mitatu baada ya kufa kwake, tarehe 22 Februari 1932, Marekani ilianzisha upya nishani ya waliojeruhiwa. Asili yake ni alama aliyoiweka Jenerali George Washington katika mwaka wa 1782. Jina lake kwa lugha yetu twaweza kusema ni Moyo wa Zambarau, kwa kuwa ina umbo la moyo na rangi ya zambarau. Nishani hii si kama nishani nyingine. Nishani za ushujaa hutaka mkubwa wa askari ampendekeze, na mashahidi waeleze waliyoyaona, kisha wakubwa wapime. Moyo wa Zambarau hautaki mapendekezo. Ni haki ya kila askari aliyejeruhiwa na adui, jeraha lake likatibiwa na mganga wa jeshi, na matibabu yale yakaandikwa. Hapo ndipo penye shida yake: daftari ya mganga ikikosekana, mwenye jeraha hana la kuonyesha ila ngozi yake, na kovu halisemi nani alilifanya wala siku gani.

Walioipigania haki ya Johnson walikuwa watu wa Albany, askari wa zamani, na wajumbe wa New York katika Bunge. Hawakutegemea kelele. Walitafuta karatasi. Mwaka wa 1996 Johnson alipewa Moyo wa Zambarau, naye amelala kaburini miaka 67. Mwaka wa 2002 alipewa Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, ambao ni nishani ya pili kwa ukubwa katika jeshi la nchi kavu. Kwa ile iliyo kuu kuliko zote, yaani Nishani ya Heshima, ushahidi uliokuwapo ulionekana kuwa haujatosha. Ndipo watu wa ofisi ya Seneta Schumer wakaanza tena kupekua makumbusho ya hati, wakaipata taarifa ya Jenerali Pershing, iliyoandikwa wakati habari ingali mbichi. Kwa kuwa sheria iliweka kikomo cha muda wa kutoa nishani hiyo, ilibidi Bunge liondoe kikomo hicho kwa ajili yake, nalo likafanya hivyo mwishoni mwa mwaka wa 2014. Tarehe 2 Juni 2015 Rais Barack Obama akaitoa Nishani ya Heshima kwa jina la Henry Johnson. Aliyeipokea kwa niaba yake ni askari wa jeshi la akiba la New York. Kutoka usiku ule wa Argonne mpaka siku ile ilikuwa imepita miaka 97.

Labda msomaji atasema, hayo ni makosa ya zamani. Sivyo. Wako Wamarekani wengi, wazee na watoto wa wazee, wanaotafuta nishani zisizoandikwa katika hati zao, na moto umewaongezea taabu. Hati za askari wa nchi ile hukusanywa pamoja katika eneo la St. Louis, jimbo la Missouri. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulishika ghorofa ya juu ya nyumba ile, ukateketeza majalada kati ya milioni 16 na milioni 18. Katika majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, yaliyopotea ni 80 katika kila 100. Nakala hazikuwapo, wala orodha ya yaliyokuwamo haikuwapo. Siku moja, habari za utumishi wa watu wa vita vikuu viwili na vita vya Korea zikawa majivu.

Lakini makarani wa St. Louis hawakukaa wakalia. Walijua kwamba mtu mmoja huandikwa mahali pengi. Jalada lake likiungua, huenda jina lake limo katika hati ya mshahara wa mwisho. Huenda limo katika daftari ya kila asubuhi ya kikosi chake, ambamo huandikwa nani yupo, nani mgonjwa, nani ameumia, nani amepelekwa hospitali. Huenda limo katika vitabu vya hospitali, au katika ofisi ya malipo ya askari wa zamani, au katika hati za jimbo alikozaliwa. Kwa vipande kama hivyo huweza kumjengea mtu habari zake upya, kama fundi aokotaye vigae vya mtungi na kuviunga.

Askari wa zamani aonaye kwamba hati yake ina upungufu, kwanza huandika kuomba habari zake zote, akitaja jina lake kama lilivyoandikwa jeshini, namba yake, kikosi chake, na miaka aliyotumika. Akiwa amekufa, mjane wake au mtoto wake aweza kuomba. Nishani ikionekana mahali popote katika hati za jeshi lakini haimo katika hati ya kuachishwa, huandikiwa karatasi ya masahihisho, ambayo huambatanishwa na ile ya kwanza. Ikiwa hati zenyewe zina kosa, kuna baraza la masahihisho lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1946. Wajumbe wake ni raia, wala hawatozi ada. Sheria yataka mtu aombe katika miaka mitatu tangu alipolijua kosa, lakini baraza laweza kusamehe kukawia ikiwa haki yadai hivyo. Kitu wasichoweza kukisamehe ni kukosa ushahidi. Kwa hiyo barua aliyoituma kijana kwa mama yake kutoka hospitali, picha yake akiwa amefungwa bendeji, kipande cha gazeti, neno la rafiki aliyekuwa naye siku ile, vyote hivi vina thamani.

Vita ile ile ya 1914 hata 1918 ilipita katika nchi zetu pia, nayo iliwachukua wapagazi wengi mno, ambao walibeba risasi na chakula kwa miguu porini, wakafa kwa njaa na maradhi. Katika mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliofia upande wa Waingereza katika vita ile, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika na Misri. Henry Johnson alikosa mstari mmoja katika hati yake, nao ukatafutwa ukapatikana. Hawa wengi wao hawakuachiwa hata jina la kutafutia.

Nasi twafikiri habari hii ina kazi ya kufanya nyumbani mwa wasomaji wetu. Pengine yuko babu au baba aliyetumika katika jeshi, au aliyeumia katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, au aliyefanya kazi ya serikali miaka mingi. Hati zake ziko wapi? Ziko chini ya godoro, ambako mchwa na panya huzifikia? Na zitazamwe leo, angali hai, macho yake yakiweza kusoma na ulimi wake ukiweza kusema, Hapa pana kosa. Jina liandikwe namna moja katika karatasi zote. Nakala zitolewe mbili, moja ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine, ili moto mmoja usizile zote. Mwenye jeraha aulizwe alilipata wapi, mwaka gani, nani alikuwa naye, nani alimtibu, na majibu yake yaandikwe pamoja na tarehe.

Walimu twawaomba zaidi, maana kalamu iko mikononi mwao, na wazee wengi huona haya kumwendea mtu na kumwambia, Niandikie. Mwalimu asingoje kuendewa. Saa moja ya jioni pamoja na mzee na daftari yatosha kuandika yale ambayo kwa Henry Johnson yalitafutwa miaka mingi, na yalipopatikana mwenyewe alikuwa hayupo kuyapokea.