Usalama wa dawa za mitishamba (2): Jina la mti na kivuli cha kuanikia

Wiki iliyopita tuliona jinsi kijiko cha kupimia dawa cha muuzaji mmoja kinavyotofautiana na cha jirani yake. Leo turudi nyuma ya kijiko, hadi porini, maana dawa huweza kuharibika kabla haijafika kinuni.

Kwanza ni jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliomeza vidonge vya mitishamba ili wapungue unene walianza kuugua figo. Walioathirika walizidi mia moja. Kumbe badala ya mmea wa Kichina uitwao fangji, vidonge vilitiwa guang fangji. Majina yanakaribiana, lakini mimea yenyewe haina undugu. Huo wa pili una asidi ya aristoloki, inayoua figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo.

Mtego huo hata kwetu upo. Mti mmoja huitwa hivi Upareni na vile Usambaani, na jina moja huweza kubebwa na miti miwili. Gome likishasagwa likawa unga wa kahawia, hata mganga mzoefu hubabaika. Ndiyo maana mtaalamu wa mimea hadai unga. Hudai tawi lenye majani na maua au matunda, libanwe katikati ya magazeti, likaushwe, kisha liandikiwe mahali lilipochumwa, tarehe na jina la mchumaji.

Pili ni kuanika. Majani yakianikwa kando ya lami hunywa vumbi na moshi wa magari. Yakitiwa kwenye kiroba yakiwa mabichi-mabichi huota ukungu, na ukungu huweza kuzaa sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa njia ya mahindi. Wengi hujitetea: "Si tunachemsha?" Kuchemsha huua vijidudu vingi, lakini sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni. Kinga yake ni kichanja, kivuli na upepo, mpaka jani likifikichwa livunjike kwa mlio.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na maabara za kupima sampuli zipo. Hata hivyo, cheti cha maabara huisemea sampuli iliyopelekwa. Hakijui kiroba kitakachoshushwa mwezi ujao. Basi ukiwa mbele ya meza ya muuzaji, kabla hujauliza inatibu nini, uliza: ni mti gani, na uliukaushia wapi?

Wiki ijayo: unga wa miti uliochanganywa kwa siri na vidonge vya hospitali.